Besi Ikidunda, Taa Zikififia

Msikilizaji, besi ikidunda kwenye matatu usiku, taa za mbele hufifia. Je, kununua kapasita kutasaidia?

Kidogo sana. Kapasita haizalishi umeme, huuhifadhi tu, tena haba. Hebu tupige hesabu. Volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, kapasita ya faradi 1 hutoa jouli 26. Mfumo wa muziki unaovuta wati 1,000 humaliza akiba hiyo kwa sekunde 0.026, hata mdundo mmoja haujaisha! Kisha alteneta ile ile iliyokwisha kuzidiwa ndiyo itakayotakiwa kuijaza upya.

Wati 1,000 kwa volti 14 ni zaidi ya ampea 70, na hapo hujahesabu taa wala feni. Kwa hiyo pesa yako ianzie kwenye alteneta yenye nguvu zaidi, nyaya nene, na waya wa ethi uliofungwa mahali palipokwanguliwa rangi mpaka chuma kikaonekana. Fyuzi nayo ikae karibu na betri, tafadhali sana: waya ukichubuka bila fyuzi, gari linaweza kushika moto.

Kama kapasita unayo tayari, mwambie fundi aijaze polepole kupitia rezista kabla ya kuiunga. Ikiungwa tupu hurusha cheche kali.