Pengo la Mtoto Si Jambo la Kupuuzwa

(Hotuba iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri kwa wazazi na walezi wa kata)



Lipo swali ambalo wazazi wengi huliuliza kimya kimya. Mtoto mdogo aliyepoteza meno ya utotoni kabla ya wakati wake, je, anaweza kuwekewa meno ya bandia? Anaweza. Hata hivyo, si kila pengo linahitaji jino la bandia, na tofauti hiyo ndiyo ninayoomba tuielewe leo.

Mtoto ana meno ya utotoni 20. Huanza kuota akiwa na umri wa miezi 6 hivi, na hukamilika anapokaribia miaka 3. Meno ya mbele huanza kung'oka akifika miaka 6 au 7, bali magego hubaki hadi miaka 10 au 12. Kwa hiyo, tukimwambia mtoto wa miaka 4 aliyepoteza gego kwamba "litaota jingine", tunamwambia asubiri miaka 6 au zaidi. Katika muda huo wote anapaswa kutafuna muhogo, mahindi na maharage kama wenzake.

Tena jino la utotoni hulinda nafasi ya jino la ukubwani litakalokuja chini yake. Gego likiondoka mapema, meno jirani husogea na kuliegemea pengo. Jino la ukubwani linapofika hukuta mlango umefungwa. Huota upande, au hubaki limekwama ndani ya ufizi.

Tabibu wa meno hutazama mambo hayo kabla ya kuamua. Pengo la meno ya mbele kwa kawaida halizibi upesi. Jino la bandia hapo husaidia zaidi sura, matamshi na heshima ya mtoto mbele ya wenzake. Likikosekana gego moja, mara nyingi hutosha kifaa kidogo cha waya kinachoshika nafasi. Yakikosekana magego kadhaa, ndipo meno ya bandia ya kuvaa na kuvua huwa na manufaa makubwa. Hutengenezwa kwa akriliki yenye rangi ya ufizi, na hushikwa na vikono vya waya kwenye meno yaliyosalia. Mtoto hung'atishwa kitu laini kinachoganda ili kupata umbo la taya, hivyo sharti awe na umri wa kuweza kutulia, kwa kawaida kuanzia miaka 3 hivi.

Meno hayo yanadai uangalizi wa mzazi. Yavuliwe usiku, yasuguliwe kwa brashi na kuhifadhiwa katika maji safi. Yasipooshwa, uchafu hukaa chini yake na kuozesha meno mazima. Yakilegea au kuvunjika, mtoto asiyavae, kwa maana kipande chaweza kumkaba. Na kwa kuwa taya hukua, sharti arudishwe kwa tabibu mara kwa mara ili yarekebishwe au yabadilishwe.

Kwa wenzetu wa Kasulu na Kibondo, anzieni kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Kazi hii huhitaji maabara ya meno, hivyo huenda mkapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, Kigoma, au mbele zaidi. Ulizeni gharama mapema, mkikumbuka pia nauli za kurudi kwa uangalizi. Msimpeleke mtoto kwa fundi wa mitaani.

Ndugu zangu, yapo mapengo ambayo huletwa na mikono yetu wenyewe. Tangu miaka ya 1980 imeenea katika sehemu mbalimbali za Tanzania na nchi jirani imani ya "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, uvimbe mweupe katika ufizi wake huitwa ugonjwa, na hukwanguliwa kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli. Uvimbe ule ni chonge changa linalojiandaa kuota. Kulitoa hakuponyi kuhara. Huleta kutokwa damu, pepopunda na maambukizi mengine, na watoto wamepoteza maisha. Anayenusurika huweza kukosa hata chonge la ukubwani, maana mbegu yake iko jirani na jeraha. Mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS na zinki, na awahishwe kituoni siku hiyo hiyo.

Mapengo mengine hutokana na kuoza. Mswakini watoto mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, na kiasi cha punje ya njegere baada ya hapo. Jino likiuma, msisubiri ling'olewe. Likiwahiwa huweza kuzibwa likakaa hadi siku yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jino la bandia ni ukuta huo: lina msaada wake, lakini lina gharama, safari na uangalizi wa miaka. Jino la mtoto lililolindwa kinywani halina nauli.