Kiti Bila Kura: Wanafunzi wa Shahada za Juu katika Bodi za Ushauri za Vyuo Vikuu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanaharakati na waumini wa Kibera na Kawangware, Nairobi)



Tumeombwa tuzungumze juu ya wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu wanaoalikwa kuketi katika bodi za ushauri za vyuo vikuu. Huenda mtu wa Laini Saba au wa Gatina akauliza: jambo hili lanihusu nini mimi, ilhali maji ya kupikia nayanunua kwa mtungi? Swali hilo ni la haki. Tutalijibu kwanza, kisha ndipo tuingie katika sheria.

Lawahusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni karo. Mtoto wa Kibera akifika chuo kikuu, hafiki peke yake. Nyuma yake kuna chama cha akina mama, kuna sadaka ya kanisa, kuna harambee ambazo wengi wetu tumeziketia. Mwezi wa Julai 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kilitangaza karo mpya, na ada za shahada nyingi za uzamili zikapanda takriban maradufu. Wanafunzi waliandamana, na suala hilo likafikishwa mahakamani. Hoja yetu leo si kiasi cha karo, bali ni hili: uamuzi ulipokuwa ukipikwa, ni nani aliyekuwa mezani kwa niaba ya yule atakayelipa? Mwanafunzi hapaswi kulazimika kumtafuta wakili ili aulizwe jambo ambalo angeulizwa mapema katika kikao.

Njia ya pili ni utafiti. Hakuna mtaa hapa Nairobi uliohojiwa kama Kibera. Watu huja na dodoso, wanauliza juu ya vyoo, kodi ya nyumba, maradhi na mapato, kisha huenda zao. Wengi wa wanaobisha hodi ni wanafunzi hao hao wa shahada za juu, kwa kuwa bila kazi ya nyanjani hawapati tasnifu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji amepona?

Tazameni hesabu yenyewe ya watu. Kwa miaka mingi Kibera ilitangazwa duniani kuwa na watu milioni moja, na wengine wakapita hapo. Sensa ya 2009 ikahesabu watu 170,070. Kati ya tarakimu hizo mbili pana pengo la mji mzima, nalo lilidumu kwa sababu aliyeandika hakulazimika kurudi kwa aliyeandikwa ili asahihishwe. Mwaka huo huo wa 2009 vijana wa Kibera walishika vifaa vya setilaiti, wakapita vichochoroni wakichora ramani ya vijiji vyao wenyewe, mradi uliojulikana kama Map Kibera, kwa sababu ramani zilizokuwapo zilikuwa zikiuonyesha mtaa huu kama mahali patupu. Hao walitufundisha kwamba elimu juu ya watu huwa bora pale watu wenyewe wanapokuwa na mkono ndani yake.

Basi mwanafunzi wa shahada ya juu anasimama katikati. Juu yake kuna chuo, chini yake kuna sisi. Akipata sauti ya kweli huko juu, huenda nasi tukapata. Akiwa pambo, nasi tu mapambo.

Ndugu zetu, tutenganishe vyombo vitatu ambavyo watu huvichanganya. Liko Baraza la Chuo, ambalo hushika mali, hupitisha bajeti na huajiri. Iko Seneti, ambayo husimamia masomo na mitihani. Kisha ziko bodi za ushauri, ambazo idara, taasisi au mradi huziunda ili zitoe maoni. Baraza huamua. Seneti huamua katika mambo yake. Bodi ya ushauri hushauri, na mwenye kushauriwa ana hiari ya kusikia au kuziba masikio. Mwanafunzi anapoalikwa katika chombo hiki cha tatu, na huku milango ya kile cha kwanza imefungwa, ni lazima tuulize kama amepewa kiti au amepewa kigoda cha kupigia picha.

Na milango hiyo imefungwa kwa sheria. Sheria za vyuo vikuu vya umma zilizotungwa miaka ya 1980 ziliwatengea wanafunzi nafasi katika Baraza, ingawa kwa masharti: mambo yaliyoonekana kuwa ya siri yalipofika, mwenyekiti angeweza kuwatoa nje. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, baada ya kurekebishwa mwaka 2016, ilitaja Baraza la watu tisa: mwenyekiti, makatibu wawili wa wizara za elimu na fedha, watu watano wa kuteuliwa na Waziri, na Naibu Chansela. Katika hao tisa hamna mwanafunzi. Hamna hata mhadhiri aliyechaguliwa na wenzake. Yaani katika enzi ya katiba mpya, yenye kusifu ushiriki wa wananchi katika Kifungu cha 10, mwanafunzi alipoteza kile alichokuwa nacho katika enzi ya chama kimoja.

Marekebisho hayo hayo ya 2016 yaligusa pia kura. Badala ya kila mwanafunzi kumpigia kura kiongozi anayemtaka, sheria iliunda makundi ya wachaguzi kwa idara au vitivo, kila kundi likatoa wajumbe watatu, na wajumbe hao ndio wakawachagua viongozi. Walioitetea walisema kura ya moja kwa moja ilileta fujo na fedha. Hatukatai kwamba fujo zilikuwapo. Lakini wazee walio hapa wanakumbuka mlolongo wa 1988, uchaguzi ambao watu walipanga foleni hadharani nyuma ya wagombea, na aliyetangazwa kupita asilimia 70 akawa amechaguliwa bila ya kura ya siri. Wakati ule pia tuliambiwa kwamba ni kwa ajili ya utulivu. Wajumbe wachache ni rahisi kuwanunua na ni rahisi kuwatisha. Hiyo ndiyo sababu iliyotufanya tudai kura ya siri nchini, na sababu hiyo haibadiliki mtu akivuka lango la chuo.

Tusisahau gharama iliyolipwa. Titus Adungosi, kiongozi wa wanafunzi wa Nairobi mwaka 1982, alihukumiwa miaka 10 kwa kosa la uchochezi, akafia gerezani mwaka 1988. Robert Wafula Buke alichaguliwa Novemba 1987, na muda si muda akafungwa miaka mitano kwa madai ya kuipelelezea Libya, nacho chama cha wanafunzi, SONU, kikapigwa marufuku. Solomon Muruli aliaga dunia Februari 1997 kwa moto uliotokea chumbani mwake katika bewa la Kikuyu. Katika miaka hiyo yote Rais wa Jamhuri ndiye aliyekuwa Mkuu wa vyuo vikuu vya umma, desturi iliyokoma baada ya Mwai Kibaki kuingia madarakani. Vijana hao hawakuteseka ili warithi wao wapewe chai na biskuti katika kikao kisicho na mamlaka.

Wala jambo hili si la Kenya pekee. Mwaka 1918 wanafunzi wa Córdoba, Argentina, waligoma wakidai sehemu katika utawala wa chuo chao, na mfano wao ukaenea Amerika ya Kusini. Hapa jirani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Julai 1971, Mkenya Symonds Akivaga, aliyekuwa rais wa wanafunzi, alimwandikia mkuu wa chuo, Pius Msekwa, barua ya wazi akilalamikia maamuzi yaliyofanywa bila ya kuwashirikisha wanafunzi. Alikamatwa na kurudishwa Kenya kwa nguvu. Mwaka ule ule TANU ilikuwa imetoa Mwongozo wake uliokemea kiburi cha viongozi, na wanafunzi waliuliza iwapo maneno hayo yanaishia nje ya lango la chuo. Hata sisi twauliza hivyo juu ya Katiba ya 2010.

Yuko atakayesema: mwanafunzi wa shahada ya juu ni mtu mzima, msomi, mwacheni ajitetee. Tunamjibu kwamba hakuna mwanafunzi aliyefungwa mikono kama huyu. Tasnifu yake haiendi mbele bila ya saini ya msimamizi wake. Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa 2014 ulimtaka mwanafunzi wa uzamivu achapishe makala mawili yatokanayo na utafiti wake kabla ya kuhitimu. Mara nyingi yeye pia hufundisha kwa mkataba mfupi katika idara ile ile, na mkataba huo huhuishwa na watu wale wale anaoketi nao. Mtu wa namna hiyo, akiteuliwa na mkuu wa idara kuingia katika bodi, atasema nini siku mkuu huyo anapokosea? Si kwamba ni mwoga. Ni kwamba amewekwa mahali ambapo ukweli utamgharimu miaka mitano ya maisha yake.

Sasa nanyi waumini, mwaijua habari ya Matendo ya Mitume, sura ya sita. Wajane wa Kiyahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Manung'uniko yakatokea. Mitume wangeweza kuwateua watu wao na kuufunga mjadala. Badala yake waliliita kusanyiko lote, wakaliambia lichague watu saba miongoni mwake. Tena yatazameni majina ya hao saba: yote ni ya Kiyunani. Waliopewa kazi walitoka upande uliolalamika. Na hawakupewa kazi ya kushauri juu ya meza. Walikabidhiwa meza yenyewe. Kanisa lililokuwa changa, lisilo na wakili wala katiba iliyoandikwa, lilielewa mambo ambayo vyuo vyenye vitivo vya sheria havijayaelewa.

Hatuwaambii wanafunzi wetu wazikatae bodi za ushauri. Mlango mdogo ni bora kuliko ukuta. Lakini waingie kwa masharti, nasi tusimame nao katika kuyadai:

Kwanza, anayeketi achaguliwe na wanafunzi wenzake wa shahada za juu, kwa kura ya siri na ya moja kwa moja, na wao ndio wenye uwezo wa kumwondoa. Aliyeteuliwa na mwenye nyumba si mwakilishi wa wapangaji. Watu wa Kibera na Kawangware hawahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Pili, kila ushauri uandikwe katika kumbukumbu za kikao, na wenye kuamua wajibu kwa maandishi, wakitoa sababu pale wanapokataa. Kifungu cha 47 cha Katiba tayari kinampa haki ya kupewa sababu mtu anayeumizwa na uamuzi wa kiutawala. Na anayenyimwa habari aandike barua: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma ijibu maombi ndani ya siku 21.

Tatu, mwakilishi alindwe. Akiwa katika bodi, mashauri juu ya tasnifu yake na mkataba wake yasikilizwe na watu wasioketi naye humo.

Nne, na hili ni letu sisi wakazi: utafiti unaofanywa katika vijiji vyetu urudi vijijini. Kamati za maadili ya utafiti, kwa kanuni zinazokubalika duniani, hutakiwa kuwa na mjumbe kutoka kwa jamii. Tuulize ni nani mjumbe huyo na alichaguliwa wapi. Na kila mwanafunzi aliyeingia nyumbani mwetu na kalamu arejee na muhtasari wa alichokipata, kwa Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 kinakiita lugha ya taifa na lugha rasmi, ausome katika ukumbi wa kanisa au barazani, tumsahihishe.

Hili la nne haliwezi kusubiri Bunge. Kila kanisa lililo na ukumbi hapa laweza kuanza muhula huu huu. Mtafiti akija kuomba barua ya utambulisho kwa mchungaji, apewe barua na apewe pia tarehe ya kurudi. Vijana wetu walio vyuoni waandike majina ya bodi zilizomo katika idara zao, nani ameketi humo na nani alimweka, wayalete kwetu. Sisi mawakili tutawasaidia kuandika barua za kudai habari, bila malipo, na tutazifuatilia majibu yake.

Tulipodai kifungu cha 2A kiondolewe katika katiba ya zamani, tuliambiwa kwamba chama kimoja kilikuwa tayari na nafasi ya kila mtu kutoa maoni yake. Maoni yalikuwa yakipokelewa, naam. Kilichokosekana ni uwezo wa kumwondoa aliyeyapuuza. Desemba 1991 kifungu hicho kiliondolewa, na kazi haikuishia hapo, kwa kuwa nchi haibadiliki juu tu huku ndani ya vyuo, makanisa na vyama vyetu vya ushirika mambo yakibaki kama zamani. Wanafunzi hawa ndio watakaokuwa wahadhiri, majaji na makatibu wa wizara. Wakizoea kuketi bila ya kuamua, watatutawala bila ya kutuuliza.