Azma ya Kijana na Kudumu Juu Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu akiwa dhaifu tumboni na mikononi mwa mama yake, kisha akampa nguvu za ujana, kisha akamrejesha katika unyonge wa uzee ili ajue kwamba nguvu zile zilikuwa amana tu. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake, na kila afuataye mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu Waislamu, tunaziusia nafsi zetu kwanza, kisha tunawausia ninyi nyote mliopo hapa na mnaotusikiliza majumbani, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Leo tumekusudia kuzungumza na vijana wetu wa kiume na wa kike, hasa wale ambao wamekwisha kuvuka mlango wa shule na bado hawajauona mlango wa maisha. Wazazi nao wasikilize, kwa kuwa mwisho wa maneno haya unawahusu wao.

Tumefunzwa na Mtume wetu (S.A.W.) kwamba mja hataondoka mahali pake Siku ya Kiyama mpaka aulizwe juu ya umri wake, na tena aulizwe peke yake juu ya ujana wake ameutumiaje. Tuzingatie jambo hili. Ujana ni sehemu ya umri, nao umekwisha kuingia katika swali la kwanza. Lakini umetengewa swali lake lenyewe. Basi yatupasa tujue kwamba miaka hii michache ina uzito kuliko hesabu yake.

Ndugu zangu, tunaijua hali ya vijana wetu wa Moshi na wa vijiji vya juu mlimani, tangu Machame na Kibosho mpaka Uru, Marangu na Rombo. Kijana humaliza Kidato cha Nne, au cha Sita, au hata chuo, akarudi nyumbani na moto mkubwa kifuani. Mwaka wa kwanza hupeleka barua za kuomba kazi kila mahali. Mwaka wa pili hupeleka chache. Mwaka wa tatu humkuta kijiweni tangu asubuhi, na ukimwuliza juu ya azma yake hucheka, kana kwamba umemwuliza habari za mtu mwingine.

Tena wako ambao hawana hata pa kurudi. Wazee wetu waliishi kwa kihamba: migomba, kahawa chini yake, ng'ombe zizini, na maji ya mfereji. Lakini kihamba alichokirithi babu kiligawiwa wanawe, nao wakawagawia wana wao, mpaka leo wako warithi ambao fungu lao halitoshi nyumba na choo chake. Kwa desturi ya mlima huu, kijana wa kati, asiye wa kwanza wala wa mwisho kuzaliwa, alijua tangu zamani kwamba hana budi kuondoka akatafute kwingine. Leo karibu kila kijana amekuwa kijana wa kati. Hapo ndipo shetani anapokuja na neno lake: "Wenzako wamepata, wewe umekosa, basi kaa chini."

Enyi vijana, neno hilo lijibuni kwa habari ya Sahaba mtukufu Abdurrahman bin Auf. Alihama Makka akaacha nyuma mali yake, akafika Madina hana shamba wala nyumba. Mtume (S.A.W.) akamfanyia udugu na Saad bin Rabii, mtu wa Madina mwenye nafasi, naye Saad akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba jambo moja tu: aonyeshwe njia ya kwenda sokoni. Akaenda, akauza na kununua, akarudi na jibini na samli. Siku zikapita, akawa miongoni mwa matajiri wa umma huu na miongoni mwa watoaji wake wakubwa. Hakuuliza ni nani aliyemnyima. Aliuliza njia iko wapi. Na njia hiyo iko kwetu pia: iko katika masoko ya Mbuyuni na Kiboriloni, iko katika gereji na karakana, iko katika vyuo vya ufundi stadi, na iko katika kurudia mtihani kwa yule aliyeanguka.

Lakini, ndugu Waislamu, kuijua njia si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kudumu juu yake pale ambapo shauku imekwisha. Watu wengi hudhani kwamba mwenye kufanikiwa ni yule ambaye moto wake hauzimiki kamwe. Sivyo. Moto wa moyo hupanda na kushuka kwa kila mwanadamu, hata kwa mcha Mungu. Mwenye kufanikiwa ni yule ambaye kazi yake haisimami moto unaposhuka. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba amali ipendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumishwa, ijapokuwa ni ndogo. Na Kurani yenyewe haikuteremshwa kwa usiku mmoja ikaisha; ilimshukia Mtume kidogo kidogo kwa muda wa miaka ishirini na mitatu hivi.

Mfano wa jambo hili tunao hapa hapa mlimani. Tazameni mifongo, ile mifereji waliyoichimba wazee wetu kwa majembe ya mkono. Hawakuwa na vyombo vya kupimia kama vya wahandisi wa leo. Waliyapokea maji juu kabisa, kwenye vijito vya msituni, wakayaongoza ubavuni mwa mlima, safari ya kilomita nyingi, mpaka yakafika migombani. Siri ya mfongo ni mwinamo mdogo. Ukiuelekeza chini kwa pupa, maji hukimbia yakaubomoa ukingo na kumwagika bondeni. Ukiupeleka bila mwinamo wowote, maji husimama yakaoza. Na mfongo hauchimbwi mara moja ukaachwa. Kila baada ya mvua watu huitana wakaondoa matope, majani na mawe, na asiyetokea kazini hutozwa faini. Tena wako waliojenga mabwawa madogo yaitwayo nduwa, ili maji ya usiku, ambayo yangepita bure watu wakiwa wamelala, yakusanywe na kufunguliwa asubuhi.

Basi azma ya kijana ni mfongo. Asiitake itelemke kwa pupa, maana pupa ndiyo mama wa kamari na wizi. Asiiache isimame. Na aisafishe kila juma kwa kujihesabu nafsi yake: nimefanya nini, nimepoteza nini, ni jiwe gani limeziba? Naye awe na nduwa yake ya kukusanyia vile vidogo ambavyo wengine huviacha vipite. Hebu tufanye hesabu. Mwenye kujitengea saa moja baada ya sala ya Alfajiri, siku sita kwa juma, amepata saa 312 kwa mwaka mmoja. Katika saa hizo mtu aweza kulirudia somo lililomwangusha, au kujifunza hesabu za biashara, au kuhifadhi sehemu ya Kurani. Mwenye kuweka shilingi 1,000 kila siku, mwisho wa mwaka ana shilingi 365,000, nazo ni fedha za kuanzia genge au kununulia zana za kazi. Sala tano zimekwisha kutugawia siku. Kilichobaki ni sisi kuzitia kazi zile nafasi zilizo baina yake.

Ndugu wasikilizaji, jambo la pili ni subira pale mtu anapokwama. Kilele cha mlima wetu kiko mita 5,895 juu ya bahari. Wengi katika vijana wa Moshi hupata riziki kwa kuwapeleka wageni huko, wakiwa waongozaji na wapagazi, nao wanajua kwamba anayekimbia siku ya kwanza ndiye mara nyingi huugua kichwa na kutapika siku ya tatu. Kwa hiyo neno lao kwa mgeni ni moja: polepole. Wanajua tena kwamba safari ya mwisho, ile ya kutoka kituo cha Kibo, huanza usiku wa manane. Gizani kilele hakionekani. Mtu huona mahali padogo tu panapoangazwa na taa yake, huweka mguu hapo, kisha huweka mwingine. Kijana asiyeiona miaka kumi ijayo asidhani kwamba amepotea. Huenda ni usiku tu, naye ametakiwa hatua moja.

Tena huko juu mwongozaji humrudisha mtu aliyezidiwa, wala kurudi huko hakuitwi aibu. Huitwa kuokoa maisha. Mjerumani Hans Meyer, ambaye jina lake limeandikwa kuwa wa kwanza kufikisha habari za kukifikia kilele, alijaribu mwaka 1887 akarudi njiani. Mwaka 1888 safari yake ikakatizwa na vita vya Abushiri kabla hajaufikia mlima. Akafika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, naye hakufika peke yake, bali kwa msaada wa mwenzake na wa watu waliombebea mizigo. Hekima ni kitu cha Mwislamu kilichopotea. Huiokota popote aionapo. Aliyeanguka mtihani mwaka huu hakuondolewa mlima wake. Ameambiwa ajiandae upya.

Na wapo watakaokucheka. Alipofariki Mtume (S.A.W.), Abdullah bin Abbas alikuwa bado kijana mdogo. Akamwita mwenzake katika Ansari waende wakatafute elimu kwa Sahaba wakubwa wangali hai. Yule mwenzake akastaajabu: nani atamhitaji mtoto kama yeye, na wakubwa wote wale wapo? Ibn Abbas akaenda peke yake. Alikuwa akifika mlangoni pa Sahaba wakati wa joto la mchana, akimkuta amelala hakubisha, hulaza kichwa juu ya shuka yake pale mlangoni, na upepo ukimpeperushia vumbi usoni, mpaka mwenyewe atoke. Miaka ikapita. Yule mwenzake akaishi hata akaona watu wamemzunguka Ibn Abbas wakimwuliza juu ya dini yao, ndipo akakiri kwamba kijana yule alikuwa na akili kuliko yeye.

Tuyataje basi yanayoikata azma, ili tuyaepuke. La kwanza ni kujilinganisha. Kila mwisho wa mwaka barabara za mlimani hujaa magari ya waliofanikiwa mijini, na kijana husimama kando akihesabu magari badala ya kuhesabu siku zake. Hajui gari lile lina deni gani wala lilitanguliwa na miaka mingapi ya kulala njaa. La pili ni rafiki mbaya na vileo, yaani pombe, mirungi na bangi, ambavyo humpa mtu furaha ya aliyefika hali hajaondoka. La tatu ni kamari, iwe ya mashine za mtaani au ya simu iliyo mkononi. Hiyo humfunza kijana kungoja, naye aliumbwa kutenda. Na la nne ni kutawakali bila ya kazi. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu.

Enyi wazazi, nanyi mna fungu lenu. Kijana aliyekwama hainuliwi kwa kutajiwa mtoto wa jirani kila anapoketi kula. Ikiwa kihamba hakigawanyiki tena, mwambieni ukweli mapema, tangu angali shuleni, ili asijenge nyumba ya matumaini juu ya ardhi isiyokuwapo. Mpeni mtaji mdogo mnaouweza, au kuku wawili, au mahali pa kutandika meza yake. Na binti mpeni kama mnavyompa mvulana. Mkahawa mchanga hukaa miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa, wala hakuna mkulima anayeung'oa kila mwezi kuitazama mizizi yake. Mbona tunawang'oa watoto wetu?

Tunayasema haya, nasi tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Ewe Mola wetu, waonyeshe vijana wetu njia ya halali na uwathibitishe juu yake. Ewe Mola, aliyeanguka mpe nguvu za kuinuka, aliyekata tamaa mfungulie mlango, na aliyefika mkumbushe wenziwe walio nyuma. Utubarikie katika mashamba yetu, masoko yetu na maji yetu, na ujaalie ujana wetu uwe hoja ya kututetea siku tutakayoulizwa. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.