Gesi Zisizotafuta Mwenzi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wakaaji wa Jericho, Nairobi)



Nataka kuanza na balbu ya umeme, ile ya kizamani yenye uzi mwembamba ndani yake. Uzi ule ni wa madini yaitwayo tangsteni, nao hutoa mwanga kwa sababu ya joto kali. Ajabu ni kwamba hauungui. Lakini kioo kikipasuka taa ikiwaka, uzi huteketea mara moja. Kwa nini? Kwa sababu hewa ya nje ina oksijeni, nayo huungana upesi na madini yenye joto. Ndani ya balbu nyingi za namna hiyo imetiwa agoni, gesi ambayo haiungani na uzi hata kidogo. Wala agoni si kitu kigeni: katika kila sehemu 100 za hewa tuvutayo, karibu sehemu 1 ni agoni.

Ndugu zake ni heliamu, neoni, kriptoni, zenoni na radoni. Wataalamu huziita gesi adimu.

Sasa tutazame sababu ya utulivu wao. Kila kitu kimefanyizwa kwa atomu, yaani chembe ndogo mno. Katikati ya atomu pana kiini, na elektroni hukizunguka tabaka kwa tabaka. Tabaka la kwanza hujaa kwa elektroni 2, la pili kwa 8. Fikirini chumvi ya jikoni. Sodiamu ina elektroni 11: 2, 8, na 1 iliyobaki nje peke yake. Klorini ina 17: 2, 8 na 7, imepungukiwa na 1. Sodiamu hutoa, klorini hupokea, nayo chumvi hupatikana. Lakini heliamu ina 2, neoni ina 2 na 8, agoni ina 2, 8 na 8. Kuing'oa elektroni moja hapo kwahitaji nguvu nyingi, na ya kuongezwa haina mahali pa kushikwa. Zenoni, ambayo elektroni zake za nje ziko mbali na kiini, ndiyo iliyoshindwa kwanza: mwaka 1962 Neil Bartlett aliiunganisha na platini na florini huko Kanada.

Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba kuna heliamu nyingi katika Bonde la Rukwa, Tanzania. Ilizaliwa ndani ya miamba ya kale, urani na thoriamu zilipokuwa zikigeuka polepole. Ikakaa humo miaka isiyohesabika pasipo kuungana na jiwe lolote, mpaka joto la volkano likaifungulia njia.

Basi, wazazi, sikilizeni. Baluni ipaayo yaweza kuwa na heliamu, au haidrojeni, na jicho haliwezi kuzitofautisha. Heliamu haiwaki. Haidrojeni ina elektroni 1 tu, na cheche ndogo yatosha kuilipua mikononi mwa mtoto. Muulizeni muuzaji, asipojua, iwekeni mbali kabisa na jiko na sigara.

Wala msiwaache watoto wavute heliamu kwa mchezo wa kubadili sauti. Haina sumu, lakini hufukuza oksijeni mapafuni, na mtu aweza kuzimia, hata kufa. Gesi isiyoungana na kitu haiwezi kuwa pumzi ya mtu.