Kilo za Mwili na Kasi ya Mkimbiaji

Msikilizaji, mbio za Kilimanjaro pale Moshi zinapokaribia, wakimbiaji wengi wa kujifurahisha huanza kuhesabu kilo. Hesabu hiyo ina ukweli wake. Kukimbia kilomita moja hula takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 80 akibaki na 76, gharama hiyo hupungua kwa asilimia 5. Kwa anayekimbia kilomita moja kwa dakika 7, huenda akaokoa hadi sekunde 21, endapo yaliyopungua ni mafuta matupu na nguvu zimebaki palepale.

Tatizo liko kwenye hiyo "endapo". Mtu analala na njaa, alfajiri anakimbia, na misuli inaliwa pamoja na mafuta. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo: mifupa hudhoofika, homoni huvurugika, hedhi hukatika. Jambo hili linanitisha kuliko kitambi.

Mimi ningeanza na mazoezi. Miezi michache ya kukimbia taratibu, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza, huufanya moyo usukume damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na misuli ikaongeza vishipa vya damu. Kisha weka siku moja ya kasi kwa wiki, na ulale vya kutosha. Kilo zikipungua njiani, vema. Zisipopungua na bado unakimbia haraka kuliko mwezi uliopita, endelea kula ugali wako.