Mama aliyejifungua asifungwe kwa ajili ya deni

Hotuba kwa viongozi wa dini na wanakomite za afya



Jambo hili tunalifahamu sote. Mama amejifungua salama, lakini hatoki hospitali kwa sababu hesabu haijalipwa. Nyumbani mume anauza mbuzi, kisha shamba. Shamba likiuzwa haraka kwa bei ya chini, ndugu wanagombana, na ugomvi huo tunaletewa sisi tuupatanishe. Kwa hiyo bei ya matibabu ni jambo la amani.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1976, unakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano kama ya deni. Mwaka 2023 serikali ilianzisha mpango wa kujifungua bure, ikianzia Kinshasa. Ni jambo jema. Kazi yetu ni kuuliza katika kila eneo la afya: je, umefika hapa?

Lakini tuseme ukweli. Hospitali na vituo vingi vya afya katika nchi hii ni vya makanisa au vinasimamiwa nayo. Hatuwezi kuinyoshea serikali kidole huku mlinzi wetu akimfungia mama lango.

Tena, tusimhukumu muuguzi. Wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali. Wanalisha watoto wao kwa pesa anazolipa mgonjwa. Msamaria wa Injili ya Luka hakufunga vidonda tu. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi. Hakumwambia afanye kazi bure. Na katika Kurani, wenye madeni wamo katika makundi manane yanayostahili zaka. Dini zetu zinajua kwamba huruma ina gharama, na lazima mtu ailipe.

Basi tufanye mambo matatu.

Kwanza, katika vituo vyetu wenyewe, bei zibandikwe ukutani, tena iwe bei moja inayojulikana kwa kila ugonjwa, ili mgonjwa asishtukizwe siku ya kutoka. Asiyeweza kulipa apewe muda, aende nyumbani.

Pili, kila parokia na kila msikiti usaidie watu kujiunga na mitueli ya afya. Kidogo kinachotolewa baada ya mavuno kinamwokoa mtu siku ya ugonjwa. Kwa maskini kabisa, sadaka na zaka zitumike.

Tatu, twende pamoja kwa wabunge wetu. Mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Tuwaulize: mwaka huu mmepiga kura kwa ngapi? Na mishahara ya wauguzi wetu iko wapi? Tuulize kwa heshima, kwa maandishi, na tusichoke kurudi.

Padri akienda peke yake, watasema ni siasa. Akienda na mchungaji, imamu na akina mama wa komite, watalazimika kusikiliza.