Poda, Wanja na Manukato: Kuchagua Kinachoifaa Ngozi Yako

Somo letu la leo ni juu ya kujipamba. Najua katika baadhi ya madarasa wanaume watacheka na kutaka kutoka nje. Kaeni. Yapo maneno yenu pia humu, na huenda fedha zinazonunua vitu hivi zatoka mifukoni mwenu.

Nawe unayesoma kurasa hizi baada ya kusikiliza redio, soma polepole. Karibu na mwisho utakuta maneno machache ya kigeni yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Hayo nataka uyajue kwa macho, hata kama hutaweza kuyatamka sawasawa.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa nikisomea diploma chuo kikuu, nilialikwa arusi ya rafiki yangu. Jioni moja nikaenda dukani kununua poda ya uso. Muuzaji akanipaka kidogo nyuma ya kiganja, chini ya taa, akasema, "Hii imekukubali, dada." Nikalipa. Siku ya arusi nikajipaka, nikaenda, nikala, nikacheza. Picha zilipokuja, niliona shingo ya mtu mmoja imebeba uso wa mtu mwingine. Shangazi yangu aliitazama picha ile kitambo, kisha akauliza, "Mwanangu, siku hiyo ulikuwa ukikanda unga?"

Nilikosea wapi? Kwanza, nilichagua rangi chini ya taa, na taa hudanganya. Pili, niliijaribu nyuma ya kiganja, mahali ambapo rangi yake si ile ya uso. Tatu, na hili ndilo kubwa, moyoni nilitaka poda iliyo nyeupe kuliko mimi. Muuzaji alilijua hilo kabla sijafungua mdomo.

Rangi ya ngozi hutoka wapi? Ndani ya ngozi zimo chembe hai ndogo sana zinazotengeneza kitu kiitwacho melanini. Watu wote duniani, weusi kwa weupe, wana chembe hizo kwa idadi inayokaribia kuwa sawa. Tofauti yetu ni wingi wa melanini inayotengenezwa na aina yake. Melanini hutukinga na mionzi mikali ya jua. Watazame ndugu zetu wenye ualbino, ambao miili yao hutengeneza melanini kidogo sana au haitengenezi kabisa: jua huwaunguza upesi, na wengi wao hupata saratani ya ngozi wasipojifunika vema. Basi weusi wako si vumbi la kusuguliwa. Ni mwavuli uliozaliwa nao.

Tena weusi si wa namna moja. Mwulize seremala. Mninga una wekundu ndani yake. Mbao za mfenesi zina umanjano. Mpingo ni mweusi unaovuta kwenye zambarau. Ngozi zetu ni vivyo hivyo. Watu wawili waweza kuitwa "maji ya kunde" wote wawili, lakini mmoja akawa na wekundu kwa ndani na mwingine umanjano, na poda ya huyu ikamfanya yule aonekane mgonjwa.

Fanya hivi. Nawa uso asubuhi, usipake kitu. Simama mlangoni, mahali penye mwanga wa mchana lakini pasipo jua kali, ukiwa na kioo. Ukipewa poda au rangi za uso za kujaribu, chora mistari mitatu midogo kutoka kwenye taya kushuka shingoni. Ngoja dakika kumi, maana nyingine hubadilika zikichanganyika na mafuta ya ngozi. Kisha tazama. Mstari unaopotea ndio wako. Ule unaong'aa kama chokaa, au unaoacha rangi ya majivu, mrudishie mwenyewe. Majivu hayo hutokana na unga mweupe unaotiwa katika poda nyingi. Juu ya ngozi nyeusi haufichiki.

Je, ukikosa kabisa dukani rangi iliyo yako? Hapo lawama ni ya duka, si ya uso wako. Kwa miaka mingi viwanda vikubwa vilitengeneza poda kwa ajili ya wanawake wa Kizungu tu. Huko Marekani maonyesho ya mavazi ya Ebony Fashion Fair yalianza mwaka 1958, na wanawake weusi walioonyesha mavazi hayo walilazimika kuchanganya rangi mbili tatu wenyewe ili wapate inayowafaa. Bibi Eunice Johnson aliliona jambo hilo, na mwaka 1973 ikaanzishwa poda ya Fashion Fair kwa ajili ya ngozi nyeusi. Msomali Iman, aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda New York, naye alianzisha vipodozi vyake mwaka 1994. Mwaka 2017 mwimbaji Rihanna alianza kuuza rangi za uso za aina 40 kwa mara moja, tangu nyeupe sana hata nyeusi tititi, na makampuni mengine yakaharakisha kumfuata. Sikutajii majina haya ili ukanunue; bei zake si za mifuko yetu. Nataka ujue kwamba tatizo hili limewapata hata matajiri, na dawa yao ilikuwa ile unayoweza kuitumia wewe nyumbani: kuchanganya poda mbili, kidogo kidogo, mpaka mstari upotee.

Rangi ya mdomo haina maneno mengi. Tazama midomo yako ilivyo, kisha chagua rangi iliyoizidi kidogo: ya zambarau mbivu, ya kahawia yenye wekundu, ya kokwa la tende. Ile ya waridi jeupe iache koponi.

Wanja wataka uangalifu zaidi. Wanja wa masizi bibi zetu waliujua, na upo pia wanja wa manga, unaosagwa kutokana na jiwe. Wanja wa jiwe, na surma nyingine zinazouzwa katika vichupa visivyo na maandishi, umekutwa mara nyingi una madini ya risasi. Risasi ni sumu. Kwa mtoto mchanga hudhuru ubongo, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo, mama, mtoto mchanga usimpake wanja machoni, hata kama mama mkwe amesisitiza. Mjibu kwa adabu, mwoneshe ukurasa huu.

Na hina? Hina ya majani hutoa rangi ya kahawia yenye wekundu, na hutaka saa kadhaa ili ishike. Ukiona piko nyeusi inayoshika upesi, jua kwamba mara nyingi hiyo ni dawa ya kutia nywele weusi. Ndani yake mna kitu kinachoandikwa PPD. Kwa wengine hutoa malengelenge na kuacha makovu yenye umbo la maua yale yale yaliyochorwa. Bibi arusi hastahili zawadi hiyo.

Sasa manukato. Hapa wanaume sogezeni viti.

Watu huuliza, je, mtu mweusi afaa manukato gani, na maji ya kunde manukato gani? Sikieni: harufu haijui rangi. Ijuayo ni ukavu wa ngozi na mafuta yake. Juu ya ngozi kavu harufu huruka upesi, na juu ya ngozi yenye mafuta hukaa. Kama ngozi yako ni kavu, jipake kwanza vaselini kidogo isiyo na harufu, kisha tia manukato juu yake. Utashangaa jinsi chupa itakavyokaa miezi.

Manukato ya chupa ni mafuta ya harufu yaliyochanganywa na spiriti. Ukifungua, harufu ya kwanza ni ya vitu vyepesi, kama maganda ya ndimu na machungwa. Hiyo hukaa dakika chache tu. Halafu hufuata maua. Mwishoni hubaki vitu vizito, kama udi, msandali na ubani, na hivyo ndivyo utakavyokaa navyo mpaka jioni. Muuzaji mwerevu hukuuzia dakika tano za kwanza. Basi tia tone moja kwenye kifundo cha mkono, mwambie "Nitarudi," zunguka sokoni, nunua mchicha wako. Baada ya saa moja nusa tena. Kama bado waipenda, rudi ukanunue. Wala usijaribu zaidi ya tatu kwa siku moja, maana pua huchoka kama miguu.

Wala usidhani kwamba kitu kizuri lazima kitoke ng'ambo. Mlangilangi unaomea Unguja na Pemba ni mti ule ule ambao maua yake hukamuliwa mafuta katika visiwa vya Komoro, na mafuta ya ua hilo yamo katika Chanel No. 5, manukato ya Ufaransa yaliyoanza kuuzwa mwaka 1921. Bibi wa Unguja anayefunga kikuba cha asmini, mrehani na mawaridi akakibandika kifuani hakosi kitu. Asmini hutoa harufu yake zaidi usiku, kwa hiyo kikuba cha jioni hushinda cha mchana. Nguo zilizofukizwa udi juu ya chetezo hubeba harufu siku nyingi bila kugusa ngozi, na hilo ni jema kwa mtu ambaye ngozi yake huwashwa na spiriti.

Kiasi chake je? Mtu aisikie harufu yako akikukaribia, si kabla hujafika. Ndani ya daladala iliyojaa, aliyejimwagia nusu chupa humtesa mwenye pumu. Na jambo moja zaidi: usijipake maji ya ndimu wala mafuta ya ndimu usoni au shingoni ukatoka juani. Ndimu na jua vikikutana juu ya ngozi huunguza, na kuacha mabaka meusi yanayokaa majuma au miezi.

Nimelifikia lile nililolikusudia hasa.

Katika darasa moja la jioni nililokuwa nikilikagua, alikuwako mama mmoja mwenye biashara ya samaki. Alikuwa amejifunza kusoma kwa mwaka mmoja hivi. Kila siku alijifunga mtandio mpaka machoni. Siku moja alibaki nyuma wenzake walipoondoka, akatoa kopo la krimu mkobani, akaniambia, "Mwalimu, nataka kusoma hili mwenyewe, usinisaidie." Akaanza herufi moja moja. Ilimchukua muda. Alipomaliza neno aliniuliza maana yake, nikamweleza. Akafunua mtandio. Mashavuni, juu ya mfupa, ngozi ilikuwa imefanya mabaka ya rangi ya bluu iliyokolea, kama wino uliomwagika. Alikuwa ameipaka miaka minne. Muuzaji alimwambia ni krimu ya "kutakatisha."

Neno alilolisoma ni HYDROQUINONE. Liandike daftarini kwa herufi kubwa. Dawa hii huzuia chembe za ngozi kutengeneza melanini. Ikipakwa muda mrefu, hasa kwa mtu afanyaye kazi juani, yaweza kuleta mabaka yale ya bluu, ambayo ni magumu sana kuondoka. Madaktari wa Afrika Kusini waliyaeleza mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi.

Neno la pili ni MERCURY, yaani zebaki, ile madini ya majimaji iliyotiwa katika vipimajoto vya zamani. Pengine huandikwa CALOMEL. Zebaki hupenya ngozini, ikadhuru figo na mishipa ya fahamu; mikono hutetemeka, usingizi hupotea. Hupita pia kwenye taulo na mikononi, ikawafikia watoto wasiojipaka chochote. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, wazitaka nchi zilizoukubali zikomeshe vipodozi vyenye zebaki. Hata hivyo vingali vinapita mipakani kwa magendo.

Neno la tatu ni CLOBETASOL, na ndugu yake BETAMETHASONE. Hizi ni dawa halali za hospitali kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa siku chache, kwa amri ya daktari. Mtu akijipaka kila siku ili awe mweupe, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, michirizi hutokea, na jeraha huchelewa kupona. Mganga akija kumshona mwanamke wa namna hiyo, mshono haushiki vizuri.

Kopo lisilo na maandishi yoyote, au lililofungwa upya dukani katika chupa nyingine, lihesabu kuwa lina yote matatu.

Kama umekwisha kutumia, usijifiche. Nenda zahanati na kopo lako. Usiache ghafla ile yenye CLOBETASOL bila kumwuliza mganga, maana ngozi yaweza kuwaka. Yeye atakuonesha namna ya kuipunguza. Yule mama wa samaki alikwenda. Mabaka yake hayajaisha, lakini hayakuongezeka, na mtandio siku hizi huufunga apendavyo.

Kazi ya juma lijalo: kila mmoja alete darasani kopo, chupa au sabuni moja ya kujipakia inayotumika nyumbani kwake, hata ikiwa tupu. Wanaume pia, leteni mafuta yenu ya baada ya kunyoa. Msimamizi wa darasa ataandika ubaoni yale maneno matatu na ndugu zake, na kila mtu atayatafuta kwa kidole, mstari kwa mstari. Mwenye miwani asiisahau, kwa kuwa huyaandika kwa herufi ndogo sana. Kwaherini.